Polisi waliingia kwangu usiku bila hati, nami si raia: naweza kuwashitaki?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa naishi na familia yangu katika mji mmoja wa Kentucky, Marekani. Miezi saba iliyopita, saa nne usiku, polisi wa mji walitugongea wakimtafuta mtu aliyepanga nyumba hii kabla yetu. Mke wangu alifungua, akawaambia hayupo, akarudi nyuma, nao wakaingia. Hawakutuonyesha karatasi yoyote. Baadaye nilisikia walikuwa na hati ya kumkamata yule mtu. Walipofika chumba cha watoto niliuliza kwa sauti wanatafuta nini. Nikabanwa chini, bega likateguka, nikalala mahabusu usiku huo. Nimefunguliwa kesi ya kuwazuia polisi kufanya kazi yao na kugoma kukamatwa. Sasa mwendesha mashtaka anasema ataifuta nikisaini karatasi fulani. Nilitaka kuwashitaki hao polisi, lakini wakili mmoja aliniambia kwa simu nisijisumbue, polisi wa Marekani wana kinga. Nina kadi ya ukazi wa kudumu na nategemea kuomba uraia. Je, ni kweli hakuna la kufanya?

JIBU: Marahaba, na poleni nyote hapo nyumbani, hasa watoto. Nitajibu kwa urefu, ila jambo moja haliwezi kungoja: hiyo karatasi usiisaini kabla wakili wa kesi za haki za raia hajaisoma yote, mstari kwa mstari. Kinga uliyotajiwa kwenye simu ipo, na nitaieleza. Lakini kwa maelezo uliyonipa, sioni kwamba ndiyo itakayoiua kesi yako. Kitakachoiua ni saini yako, au kalenda.

Nianze na hofu yako ya kutokuwa raia, maana ndiyo inayowafunga wengi midomo. Sheria unayoihitaji mawakili huiita Kifungu cha 1983. Hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka. Ilitungwa Aprili 1871, wakati wa Rais Ulysses Grant, Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, walipokuwa wakiwachapa, kuwachomea nyumba na kuwaua watu weusi wa Kusini waliotoka utumwani juzi tu. Mara nyingi sherifu wa kaunti alikuwa ama mwenzao, ama amefumba macho, na kumshitaki kwenye mahakama ya kwao ilikuwa kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Bunge likaamua kwamba mtu akinyimwa haki yake ya Katiba na ofisa anayetumia mamlaka ya jimbo, anaweza kumdai fidia ofisa huyo katika mahakama ya shirikisho. Na sheria haikusema raia peke yake. Inamtaja raia wa Marekani, kisha inaongeza mtu mwingine yeyote aliye ndani ya mamlaka ya nchi hiyo. Mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo, mfua nguo wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilikwishasema kwamba ulinzi sawa wa sheria ni wa kila mtu aliyeko nchini, awe na uraia au asiwe nao. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza upekuzi usio na sababu, nayo yanazungumzia watu na nyumba zao. Wewe una kadi ya ukazi, unaishi hapo kihalali, mlango ni wako. Suala la nani anaruhusiwa kushitaki tuliache hapo.

Kisa kilichoipa sheria hiyo nguvu kinafanana na chako kiasi kwamba nitakisimulia. Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba 1958, polisi 13 wa Chicago wakiongozwa na ofisa wa upelelezi aitwaye Frank Pape walivunja milango ya nyumba ya James Monroe, mtu mweusi mwenye watoto sita. Hawakuwa na hati ya upekuzi wala ya kukamata. Yeye na mkewe walitolewa kitandani na kusimamishwa uchi sebuleni kwa mtutu wa bunduki, watoto wakaamshwa, magodoro yakachanwa. Monroe alipelekwa kituoni, akahojiwa kuhusu mauaji, akakaa saa 10 bila kufikishwa kwa hakimu wala kuruhusiwa kumpigia wakili, kisha akaachiwa bila shitaka lolote. Aliposhitaki, utetezi ulikuwa kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume hata cha sheria za Illinois zenyewe, kwa hiyo aende akalalamike kwenye mahakama za jimbo. Februari 1961 Mahakama ya Juu iliukataa utetezi huo. Polisi aliyevaa sare na kutumia madaraka aliyopewa anawajibika chini ya sheria ya 1871 hata kama amevunja kanuni za jimbo lake mwenyewe. Kabla ya hapo kifungu hicho kilikuwa kimelala kwa miaka 90. Leo ndicho msingi wa karibu kila kesi dhidi ya polisi wa miji, kaunti na majimbo.

Sasa kinga. Haimo katika Katiba, wala hutaikuta katika maneno ya sheria ya 1871. Ni kazi ya majaji wenyewe. Mwaka 1961 kundi la mapadri wa Kianglikana, weusi kwa weupe, liliingia chumba cha kungojea basi kilichotengwa kwa Wazungu mjini Jackson, Mississippi, likakamatwa. Mapadri hao walishitaki kwa kutumia sheria ileile iliyotungwa dhidi ya Klan. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikajibu kwamba polisi aliyemkamata mtu kwa nia njema, akiamini sheria anayoisimamia ni halali, ana utetezi. Mimi kila nikisoma hukumu ile huona ajabu kwamba kinga ya polisi ilizaliwa kwenye kesi ya watu waliopinga ubaguzi. Mwaka 1982, katika kesi iliyowahusu wasaidizi wa Rais Nixon, suala la nia njema likawekwa kando na swali likabadilika: je, haki iliyovunjwa ilikuwa imekwisha kuthibitishwa wazi na sheria, kiasi kwamba ofisa yeyote mwenye akili timamu angejua anaivunja?

Kwa kusikia tu, kipimo hicho ni cha haki. Ubaya wake ni namna baadhi ya mahakama zinavyokitumia, zikidai kesi ya zamani inayofanana na yako karibu kwa kila kitu. Mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia jimbo lako, ile ya mzunguko wa sita iliyoko Cincinnati, mwaka 2018 iliwapa kinga polisi wa Nashville waliomwachia mbwa mtuhumiwa wa wizi ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa amekaa chini na mikono juu. Kesi ya zamani iliyokuwepo ilimhusu mtu aliyejisalimisha kwa kulala. Kwa majaji wale, kukaa na kulala havikufanana vya kutosha. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Na tangu 2009 majaji wanaruhusiwa kuruka swali la kama haki ilivunjwa, wakasema tu kwamba haikuwa imethibitishwa, kesi ikaishia hapo. Mwenye kesi ya namna hiyohiyo mwaka unaofuata naye anakuta hakuna hukumu ya kushika.

Ndiyo maana yule wakili alikukatisha tamaa. Lakini kwa mlango wako, hukumu ya kushika ipo. Mwaka 1980, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ilisema polisi hawaruhusiwi kuingia nyumbani kwa mtu kumkamata bila hati, isipokuwa kuna dharura ya kweli au wamekubaliwa. Mwaka uliofuata ikaja ya Steagald, ambayo ningependa ulikariri jina lake. Maofisa wa shirikisho walikuwa na hati ya kumkamata mtu mwingine, wakaingia nyumbani kwa Steagald karibu na Atlanta wakidhani wangemkuta huko. Mahakama ikasema hati ya kumkamata fulani haiwapi polisi ruhusa ya kupekua nyumba ya asiyehusika. Kwa hiyo wanahitaji hati ya upekuzi iliyotolewa na jaji. Sheria hiyo ina miaka zaidi ya 40. Ofisa wa leo hawezi kusema hakuifahamu.

Hata hivyo usishangilie bado, kwa sababu upande wa pili una majibu mawili, na wewe mwenyewe umeyataja bila kujua. Kwanza, mtu waliyemtafuta aliwahi kuishi hapo. Polisi wenye hati ya kukamata wanaruhusiwa kuingia katika makazi ya mtuhumiwa mwenyewe kama wana sababu ya kuamini anaishi hapo na yumo ndani. Watasema kumbukumbu zao zilionyesha anwani yako. Hivyo kesi itageukia walijua nini usiku ule. Je, jina la mpangaji mpya lilikuwa limeandikwa popote? Mke wako aliwaambia amehama, au alisema tu hayupo? Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkataba wenu wa pango, bili za umeme zenye jina lako, na ushahidi wa mwenye nyumba kuhusu lini yule mtu aliondoka ni vitu vya kukusanya wiki hii.

Pili, mke wako alirudi nyuma. Sisi tuliolelewa kwetu tunajua mgeni akibisha hodi humwachi kizingitini, na mwenye sare ndiyo kabisa. Polisi ataandika kwenye ripoti kwamba mama wa nyumba alikubali waingie. Kisheria ridhaa lazima iwe ya hiari, na mahakama hutazama mazingira yote: saa ngapi, walikuwa wangapi, silaha zilikuwa nje, mama anaelewa Kiingereza kiasi gani, aliambiwa nini. Lakini tangu hukumu ya mwaka 1973, polisi halazimiki kumwambia mtu kwamba ana haki ya kukataa. Kwa hiyo mke wako aandike mapema, kwa Kiswahili na kwa maneno yake mwenyewe, kila alichosema na kila walichofanya, akiwa peke yake bila wewe kumkumbusha. Barua hiyo ampe wakili, asiipeleke kwingine.

Kuhusu bega, sheria hupima nguvu iliyotumika kwa macho ya polisi mwenye busara aliyekuwepo papo hapo: kosa lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani, ulikuwa tishio kwa mtu, ulipinga kwa mwili au ulikimbia. Kuuliza swali kwa sauti nyumbani kwako hakuangukii wazi katika hayo. Video ndiyo itakayosema. Polisi wa miji mingi huvaa kamera kifuani, na rekodi zake hufutwa baada ya muda usipoziombea zihifadhiwe. Wakili wako anatakiwa kuandikia idara barua ya kudai ushahidi wote wa usiku ule usiharibiwe, na barua hiyo ilistahili kwenda miezi mingi iliyopita. Cheti cha hospitali na picha za bega wakati lilikuwa limevimba viweke pamoja na mkataba wa pango.

Hayo mashtaka ya kuwazuia polisi na kugoma kukamatwa yana historia yake. Mtu akiumia mikononi mwa polisi, mara nyingi hujikuta ndiye mshitakiwa. Sisemi kila mara ni hila, ila mahakama zimeiona hali hiyo mara nyingi kiasi cha kuizoea. Huko Brooklyn, New York, mwaka 2014, polisi walifika kwa Larry Thompson bila hati baada ya kupigiwa simu kuhusu mtoto mchanga. Akawazuia mlangoni, wakamwangusha, wakamfungulia shitaka la kuzuia kazi ya serikali. Mtoto alikuwa na vipele vya nepi tu. Thompson alikaa kizuizini siku mbili, na baadaye kesi ikafutwa bila maelezo. Aliposhitaki, akaambiwa hana haki hadi athibitishe kwamba kesi ilifutwa kwa sababu hakuwa na hatia. Aprili 2022 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 3, ilikataa sharti hilo. Inatosha kesi iwe imeisha bila kutiwa hatiani. Kwako hiyo ni habari njema, mradi kesi yako iishe vizuri.

Na hapo ndipo inapoingia ile karatasi. Hujanieleza ina maneno gani, lakini kwa kawaida huwa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni makubaliano kwamba mashtaka yanafutwa, nawe unaahidi kutoishitaki serikali wala polisi. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1987, katika kesi ya mji mdogo wa Newton huko New Hampshire, kwamba ahadi ya namna hiyo inaweza kukufunga ikiwa uliitoa kwa hiari. Ya pili imezoeleka sana Kentucky na inaonekana haina madhara: unakubali tu kwamba polisi walikuwa na sababu ya kutosha kukukamata, mnapeana mikono, unakwenda zako. Sentensi hiyo moja ndiyo mawakili wa mji wataipeleka kwa jaji wa shirikisho siku ya kwanza, na madai yako ya kukamatwa na kushitakiwa bila sababu yataanguka. Mwombe wakili wako wa jinai aombe kesi ifutwe bila sharti. Ikishindikana, fanyeni hesabu pamoja. Kugoma kukamatwa huko Kentucky kunaweza kukupa kifungo cha hadi miezi 12, na kuna watu ambao kwao kulala nyumbani bila kesi kichwani kuna thamani kuliko fidia ya baadaye. Sitakulaumu ukichagua hivyo. Nitasikitika tu ukisaini bila kujua umeuza nini.

Kubaya kuliko yote ni kukiri kosa ili umalize. Tangu mwaka 1994 sheria ni kwamba huwezi kudai fidia kwa jambo ambalo ushindi wako ungemaanisha hukumu yako ya jinai ni batili, hadi hukumu hiyo iondolewe kwanza. Na kwa mtu asiye raia kuna la zaidi. José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam upande wa jeshi la Marekani na kuishi nchini zaidi ya miaka 40, alikiri kosa la bangi hukohuko Kentucky baada ya wakili wake kumwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji. Kumbe kosa lile lilimfanya astahili kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia athari za kukiri. Basi muulize wakili wako swali hilo kwa jina la kesi hiyo, na akusaidie kupata jibu kutoka kwa wakili wa uhamiaji.

Sasa kalenda. Kifungu cha 1983 hakina muda wake wa kushitaki. Kinaazima ule wa jimbo kwa kesi za kuumizwa mwili. Minnesota wana miaka 6. Ohio, ng'ambo tu ya mto, wana 2. Kentucky ni mwaka mmoja. Wewe umebakiza miezi mitano, na kwa kuingiliwa nyumbani na kwa bega siku zilianza kuhesabiwa usiku uleule. Watu wengi hudhani wangoje kesi ya jinai iishe ndipo wafungue ya madai. Wakati mwingine inaisha baada ya miezi 14, nao wanakuta mlango umefungwa. Katika kesi ya Wallace ya mwaka 2007, iliyotoka Chicago, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba jaji wa madai anaweza kuisimamisha kesi hadi ile ya jinai imalizike. Maana yake unafungua kwa wakati, kisha unaomba isubiri. Dai la kushitakiwa bila sababu, lile la Thompson, ndilo pekee ambalo saa yake huanza kesi ya jinai inapoisha.

Utauliza nani atakubali kuibeba. Katika kesi ya jinai, ukiwa huna uwezo na kifungo kinawezekana, serikali inakupa wakili. Hilo ni tunda la kesi ya Gideon ya 1963. Katika kesi ya madai hakuna wa bure. Mawakili wa haki za raia kwa kawaida hawadai pesa mkononi, huchukua theluthi au zaidi ya mtakachopata. Bunge pia lilipitisha sheria mwaka 1976 kwamba ukishinda, upande ulioshindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za wakili wako. Kule Riverside, California, polisi waliingia bila hati kwenye sherehe ya nyumbani mwaka 1975. Waliowashitaki walipata fidia ya dola 33,350, na mawakili wao wakapewa dola 245,456. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu iliidhinisha malipo hayo. Yule wakili wa simu huenda hakusema uongo. Huenda alipima bega lako, gharama za wataalamu, na miaka mitatu minne ya rufaa za kinga, ambazo polisi anaruhusiwa kukata hata kabla kesi haijasikilizwa, akaona haimlipi. Hiyo ni biashara yake. Mpigie mwingine, na mwingine.

Na ukipata wa kukusikiliza, mweleze kwamba unafahamu mambo mawili. Utafiti wa kesi 1,183 katika mahakama tano za wilaya za shirikisho, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta kwamba pale ambapo kinga ingeweza kutumika, kesi zilizofutwa kwa sababu hiyo hazikufika asilimia 4. Inawezekana nyingi dhaifu hazikufunguliwa kabisa kwa kuihofia, lakini bado si ukuta ulioelezwa. Kingine ni kwamba askari mwenyewe ni nadra sana kutoa mfukoni, anayelipa ni mji au bima yake. Mji wenyewe unaweza kushitakiwa tangu 1978, na hauna kinga hiyo hata kidogo, ila lazima wewe uthibitishe kwamba kosa lilitokana na sera, mazoea au mafunzo mabovu ya idara, si askari mmoja tu. Kazi ya kuthibitisha hivyo ni nzito. Louisville ilikubali Septemba 2020 kuilipa familia ya Breonna Taylor dola milioni 12 baada ya polisi kumpiga risasi nyumbani kwake, lakini huyo aliuawa na dunia nzima ilikuwa inatazama. Usiipime kesi yako kwa kiasi hicho.

Hakikisha pia wote walioingia walikuwa wa mji. Mara nyingi maofisa wa shirikisho huongozana na polisi wa kawaida, na kwao Kifungu cha 1983 hakifanyi kazi. Njia ya kuwashitaki binafsi iliyofunguliwa mwaka 1971 imebanwa mno, hasa baada ya hukumu nyingine ya 2022. Inayobaki ni kuidai serikali yenyewe kwa sheria ya mwaka 1946, ukianza na fomu ya madai kwa idara husika ndani ya miaka 2, na ukifika mahakamani anaamua jaji peke yake bila wananchi wa juri. Njia hiyo haijafa. Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote 9 kwa pamoja, iliirudisha mahakamani kesi ya familia ya Atlanta ambayo FBI waliivamia kwa kukosea nyumba.

Lugha isikutie wasiwasi, lakini ujue mpaka wake. Katika kesi yako ya jinai mahakama za Kentucky hutoa mkalimani bila malipo, na mkalimani wa Kiswahili hupatikana hata kwa simu au video. Omba rasmi, mapema, na usikubali mtoto wako au polisi akutafsirie. Ukimsikia mkalimani anazungumza Kiswahili ambacho hukielewi vizuri, sema hapohapo mbele ya hakimu ili iandikwe. Katika kesi ya madai utakayoifungua mwenyewe kwenye mahakama ya shirikisho, sheria ya wakalimani ya 1978 haikuhusu, kwa sababu inagusa kesi zinazofunguliwa na serikali. Gharama hiyo mwache wakili aiweke kwenye bajeti yake.

Kuhusu uraia, kuwashitaki polisi hakuzuii maombi. Ila fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuwekwa kizuizini, hata kama kesi ilifutwa. Jibu ni ndiyo, na kuficha ndiko kunakoleta matatizo. Utatakiwa kuambatanisha nakala ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha kesi ilivyoisha. Kesi iliyofutwa moja kwa moja huko Kentucky inaweza kuondolewa hata kwenye kumbukumbu za mahakama, na baada ya hapo karani hatakuwa na cha kukupa. Kwa hiyo siku itakapofutwa, kabla hujatoka jengoni, pita dirishani kwa karani uchukue nakala tatu: moja ya uhamiaji, moja ya wakili wa madai, moja ya kwako.